Vifaa Bandia vya Umeme na Usalama wa Mpangaji

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi, wenye nyumba na mafundi umeme katika mkutano wa mtaa mjini Dodoma.



Nimeombwa nizungumze juu ya vifaa bandia vya umeme vinavyotumika majumbani mwetu. Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya kalamu, na yale nitakayoyasema juu ya ufundi nimeyapata kwa kuwauliza mafundi, wengine wao wameketi hapa mbele, na kwa kuvikata vifaa vyenyewe kwa msumeno ili nijionee kilichomo ndani. Pale nitakapokosea watanisahihisha, nami sitaona haya.

Nilipohamishiwa Dodoma nilipanga chumba katika nyumba moja yenye vyumba sita upande wa Chang'ombe. Mpangaji mwenzetu mmoja, mama mwenye watoto watatu, alikuwa na friji ukumbini ambamo aligandisha barafu na juisi za ubuyu za kuuza. Majira ya mvua friji ile ilikuwa na tabia ya kuwasha vidole kila ulipogusa mlango wake. Tuliicheka. Watoto walifanya mchezo wa kushindana nani atashika kwa muda mrefu zaidi. Mvua zikaisha, ikaja Mei, ikaja Agosti, na siku moja ya Oktoba mama yule alitoka kufua, miguu ikiwa bado na maji, akashika mlango wa friji. Alirushwa hadi ukutani. Alinusurika, ingawa mkono wake ulikaa wiki kadhaa bila nguvu. Breka ukutani haikukata. Umeme ulibaki ukiwaka kama kawaida, na redio ya jirani iliendelea kuimba.

Fundi aliyeitwa alikuwa mzee wa makamo mwenye mkoba wa ngozi. Hakuanza na friji. Aliufuata waya wa ethi kutoka kwenye sanduku la swichi, ukashuka ukutani, ukaingia ardhini nyuma ya nyumba. Akaushika kwa mkono mmoja, akavuta. Ukatoka wote, pamoja na kipande cha nondo ya kujengea kisichozidi urefu wa mkono wa mtoto, kimepakwa rangi ya shaba. Akanionyesha, akasema, "Mwandishi, hii ndiyo ethi yenu." Kisha akafungua sanduku na kuchomoa breka yenye jina la kampuni maarufu ya ng'ambo. Ilikuwa nyepesi kama kiberiti kitupu.

Tangu siku hiyo sijaacha kujiuliza swali moja. Ni nani aliyevinunua vitu hivi? Kwa maana sisi wapangaji sita, tuliolala chini ya nyaya zile kila usiku, hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekwenda dukani kuvichagua.

Ndugu wananchi, hapana budi tuanze kwa kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Kuna kifaa bandia, ambacho mitaani twakiita feki: hiki kimeibiwa jina. Mtu ametengeneza swichi au breka, akaipiga chapa ya kiwanda kingine ili mnunuzi adhani ni mali ya kiwanda hicho. Kuna pia kifaa duni, ambacho hakikuiba jina la mtu yeyote, ila hakifikii kiwango. Kisheria mambo haya yana wenyewe tofauti. Bandia huangukia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Duni ni la Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanza kazi mwaka 1976 na ambalo sasa hufuata Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Lakini nyumba inapoungua, moto haubagui. Kwa hiyo mnisamehe nikiviweka vyote katika kapu moja.

Tuchukue waya kwanza, kwa sababu waya ndio usioonekana. Ukishakandikwa plasta hakuna atakayeutazama tena hadi ukuta ubomolewe. Mafundi hutumia waya wa 1.5 kwa taa na wa 2.5 kwa soketi. Tarakimu hizo ni milimita za mraba za shaba iliyomo ndani. Anayetengeneza waya bandia huiba mara mbili. Kwanza hupunguza unene, akaongeza plastiki ya nje ili waya uonekane umeshiba. Pili huondoa shaba, akaweka aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu. Aluminiamu si kitu kibaya; nyaya kubwa za nguzoni huwa za aluminiamu, nazo huhesabiwa hivyo tangu mwanzo. Lakini kwa unene ule ule, aluminiamu huuzuia umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba. Ukijumlisha wizi wa kwanza na wa pili, waya ulioandikwa 2.5 huweza kutoa joto zaidi ya maradufu ya lile ulilotegemewa kutoa. Na joto la waya lina hesabu yake: mzigo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Sasa waya huo umepita wapi? Umepita juu ya dari, chini ya bati, katika jua la Dodoma la Oktoba, mahali ambapo hata bila umeme mtu hawezi kukaa saa sita mchana. Humo mna vumbi, mna viota vya panya, mna mbao kavu. Plastiki ya waya halali hutengenezwa ili moto ukiondolewa izimike yenyewe. Plastiki nyingi za bandia huendelea kuwaka kama mshumaa. Moto wa namna hii hauanzi kwa kishindo. Huanza kwa harufu ya plastiki inayokuja jioni na kupotea asubuhi, na watu wa nyumba wakaulizana nani kaunguza sufuria.

Ikiwa waya ni mshipa, breka ndiyo mlinzi. Ndani ya breka halali mna vitu viwili vyenye kazi. Kimoja ni kipande cha metali mbili zilizogandamana, ambacho hupinda polepole mzigo unapozidi. Cha pili ni koili ambayo hugeuka sumaku na kufyatua mtambo papo hapo shoti inapotokea. Aidha mna vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, kazi yake kuuvunja mwale wa cheche ili usiyeyushe breka nzima. Tulipoikata ile ya Chang'ombe, kurasa hazikuwamo. Palikuwa na springi, kipini, na vituo viwili vya kugusana. Hiyo ilikuwa swichi ya kawaida iliyovishwa nguo za mlinzi. Mtu asiye na breka walau hujua kwamba hana, akawa mwangalifu. Aliye nayo hii hulala.

Sasa niseme jambo ambalo nimelisikia likizungumzwa mara chache sana, nalo latuhusu sisi wa nyanda hizi za kati kuliko wenzetu wa pwani. Ni habari ya ardhi yetu.

Kazi ya ethi ni kuupa umeme uliopotea njia ya kurudi ardhini. Nyumba zetu nyingi hutegemea fimbo yake yenyewe iliyopigiliwa uani. Fimbo hiyo hufanya kazi vizuri penye udongo wenye unyevu. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei udongo hukauka, hupasuka, na fimbo hubaki imesimama katika vumbi kama kijiti katika majivu. Mafundi wa zamani walilijua jambo hili. Walichimba shimo refu, wakaizungushia fimbo mkaa na chumvi, na wengine walimwagiza mwenye nyumba amwagie maji kila mwezi wa kiangazi. Leo shimo hilo huonekana ni kupoteza muda.

Tufanye hesabu ndogo. Umeme wa majumbani ni volti 230. Tuseme ethi yako, katika ukame wa Septemba, ina ukinzani wa omu 100, jambo ambalo si la ajabu kabisa katika udongo mkavu. Waya wenye umeme ukigusa bati la friji, umeme utakaokwenda ardhini ni ampea 2.3 tu. Breka ya soketi ni ya ampea 32. Itakaa kimya, hata ikiwa halali, hata ikiwa imetoka kiwandani jana. Na bati la friji litakaa na karibu volti zote 230 likimngoja mtu mwenye miguu yenye maji. Ndiyo maana friji yetu iliwasha wakati wa mvua na ikarusha mtu wakati wa kiangazi. Hitilafu ilikuwa moja. Ardhi ndiyo iliyobadilika.

Kwa sababu hiyo, katika mji kama huu, kifaa ambacho kingemwokoa mama yule ni kile ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake, RCD. Hiki hakiangalii ukubwa wa mzigo. Hulinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata katika muda usiozidi theluthi moja ya sekunde, kabla moyo wa mtu mzima haujavurugika. Kina kitufe kilichoandikwa herufi T. Kila mwezi kibonyezwe. Kuanguka kwake si uthibitisho kamili, lakini kisipoanguka, jibu umekwisha kulipata. Nacho ni ghali kuliko breka ya kawaida, na kwa hiyo, ndugu zangu, nacho pia kimeigizwa.

Hapa ndipo narudi kwenye swali langu la nani aliyenunua.

Sote twajua jinsi mji huu ulivyokua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016 ambapo Serikali ilihama kwa vitendo, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mkoa uliokuwa na watu milioni 2 na kidogo katika sensa ya mwaka 2012 ulikuwa na zaidi ya milioni 3 mwaka 2022. Watumishi, wanafunzi, wafanyabiashara ndogo ndogo na mafundi wote hao walihitaji mahali pa kulala. Nyumba za kupangisha zikaota Nkuhungu, Ilazo, Nzuguni, Ihumwa na katika mitaa inayokizunguka Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwenye nyumba alitaka amalize kabla wapangaji hawajakwenda kwa jirani. Vigae vilionekana, akavinunua vizuri. Rangi ilionekana, akainunua vizuri. Waya haukuonekana.

Sisemi wenye nyumba wote ni watu wabaya. Wengi wao ni wastaafu na wajane walioweka akiba yao yote katika matofali. Lakini ni dhahiri kwamba anayechagua waya siye anayelala chini yake, na hilo pekee latosha kuuharibu uchaguzi. Mpangaji hana sauti. Akilalamika soketi imeungua huambiwa yeye ndiye aliyezidisha matumizi, na pengine huambiwa kwamba vyumba vingine vipo.

Fundi naye yuko katikati. Kijana mmoja aliyesomea ufundi umeme, ambaye ameniruhusu niyaseme maneno yake bila kumtaja, aliniambia hivi: "Kaka, nikimwandikia mzee orodha ya vifaa vya orijino ananiona mwizi. Anakwenda mwenyewe mjini, anarudi na vya nusu bei, ananiambia funga. Nisipofunga mimi, kesho atafunga mwingine ambaye hata leseni ya EWURA hana." Nilimwuliza kama kuna mafundi wanaochukua chao juu kwa mwenye duka ili wampeleke mteja kwenye bidhaa mbaya. Alinyamaza kidogo, akasema wapo. Nimempenda kwa kutosema uongo. Muuza duka naye atakuambia kwamba alinunua kwa jumla Kariakoo katika katoni zilizofungwa, na pengine asema kweli. Hivyo kila mmoja amnyooshea kidole aliye nyuma yake, mpaka mnafika kwa mtu mmoja mwingizaji ambaye anajua barabara anachokiingiza, maana yeye ndiye aliyekiagiza kiwe hivyo: chembamba, chepesi, na chenye jina la mwingine. Huyo hajapata kupanga chumba Chang'ombe.

Vijijini mambo yana sura nyingine. Kwa mradi wa umeme vijijini, kaya huunganishwa kwa shilingi 27,000, na nyumba ndogo, hata tembe, imeweza kuwekewa kile kifaa cha UMETA chenye breka na soketi zake bila ya kutandaza nyaya ukutani. Ni jambo jema sana. Lakini nimeona huko Chamwino na Bahi jinsi mtu anavyochomeka hapo waya mwembamba wa spika, akauvuta juu ya miti ya uani hadi nyumba ya kaka yake, kisha hadi banda la kunyolea. Kifaa halali kimefungwa mkia wa bandia. Na tembe, wazee wangu mwajua kuliko mimi, ndani ya udongo wake ni miti mitupu.

Hatari hii haitapungua yenyewe, bali itaongezeka. Umeme si haba tena kama zamani. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na Serikali, kwa mkakati wake uliozinduliwa mwaka 2024, yataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono mkakati huo. Atakayeona moshi wa mkaa unavyowatafuna mama zetu hatausimamia upande mwingine. Lakini balbu moja ya kisasa haimalizi hata kumi ya ampea, na birika la umeme la wati 2,000 hula karibu ampea 9. Nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio ndizo tunazotaka zibebe majiko. Waya bandia uliovumilia miaka mitano ya redio hautavumilia mwezi mmoja wa jiko na birika vilivyochomekwa katika ekstensheni moja, hasa ekstensheni iliyoandikwa ampea 13 ambayo ukiifungua hukuti waya wa ethi ndani yake.

Wapo watakaoniambia, "Mwandishi, wewe una mshahara. Sisi tutanunua kwa uwezo wetu." Nalipokea neno hilo kwa heshima. Jibu langu ni hili: ikiwa fedha ni kidogo, punguza idadi, usipunguze ubora. Chumba hakihitaji soketi nne. Weka mbili za kweli. Acha taa za urembo barazani, nunua RCD. Swichi yaweza kusubiri mwaka ujao, lakini waya wa ukutani na ethi hazisubiri, kwa sababu hutarudi kuzibadilisha. Na yule ambaye hana kabisa ni afadhali aanze na taa mbili zilizofungwa sawasawa.

Upande wa vyombo vya dola, nina maneno mawili matatu, nami nayasema kama mtu anayevitakia heri. Tangu mwaka 2012 bidhaa zetu nyingi hukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini, na mara kwa mara tumeona shehena za bandia zikiteketezwa hadharani. Picha za moto huo ni nzuri gazetini. Lakini kuteketeza mzigo si sawa na kumfikia mwenye mzigo, na msomaji angependa kusoma siku ya pili nani alifikishwa mahakamani. Pia, wajibu wa TANESCO kwa desturi huishia penye mita. Fomu ya mkandarasi husainiwa siku ya kuunganishwa. Baada ya hapo nyumba huongezwa vyumba, hubadilishwa nyaya, hupangishwa kwa watu ishirini, na hakuna anayeitazama tena. Kwa nini nyumba ya kupangisha isikaguliwe kila baada ya miaka michache, kama gari la abiria linavyokaguliwa? Na kwa nini ofisi ya mtaa isiwe na daftari la mafundi wenye leseni, na kifaa kimoja cha kupimia ethi cha kuazimana? Ndugu Mwenyekiti, hilo la daftari nakuachia wewe. Halihitaji bajeti ya Wizara.

Nimalizie kwa mambo ya leo usiku. Ukisikia harufu ya plastiki, ukiona soketi imegeuka rangi ya kahawia, ukihisi friji au bomba likiwasha vidole, zima meni swichi kwanza, ndipo uulize. Moto wa umeme usiumwagie maji. Namba ya Zimamoto ni 114. Na wewe mpangaji unayetafuta chumba, kabla hujatoa kodi ya miezi sita, mwulize mwenye nyumba akuonyeshe mahali ethi ilipoingia ardhini. Ikiwa hapajui, muulizeni fundi wake.

Mezani pale mlangoni nimeweka breka mbili zilizopasuliwa, halali na bandia, pamoja na vipande vya waya na kisu. Shaba ya kweli ukiikwangua hubaki nyekundu hadi ndani. Ile nyingine hugeuka nyeupe kwa mkwaruzo mmoja. Pana sumaku pia, kwa ajili ya pini za plagi na fimbo za ethi. Pini halali ni za shaba nyeupe wala hazinasi, lakini fimbo halali ina chuma moyoni, kwa hiyo sumaku haitawasaidia hapo, tazameni unene wa shaba yake. Ile nondo iliyopakwa rangi nayo ipo. Mama yule aliniachia nije nayo, kwa sharti kwamba nisiirudishe. Karibuni muikwangue wenyewe, kisha tusikilize maswali.